Komedi za kuwachana viongozi: masanamu ya XYZ, Yes Minister au Chaplin? Nishaurini

Kibanda_Uyole:
Wakuu heshima kwenu. Mi nina kibanda umiza hapa Uyole, wikiendi mpira unajaza sina neno, shida ni katikati ya wiki hasa kipindi hiki cha baridi watu wanajifungia ndani saa moja tu. Nimewaza jumatano jioni niwe naweka zile za kuchekesha zinazowasema wakubwa, zikiisha tunabishana kidogo, chai ya tangawizi ipo, kiingilio mia tano. Mpaka sasa nimezicheki tatu. XYZ Show ya Kenya, ile ya masanamu ya mpira yenye sura za wanasiasa, ilianza 2009 na mwenye wazo ni Gado mchora katuni, mbongo mwenzetu kabisa yule. Halafu Yes Minister ya Waingereza ya 1980, waziri na katibu wake mkuu wanazungushana ofisini. Na The Great Dictator ya Chaplin, 1940, anamuigiza Hitler. Ipi ianze?

Chinga_Mwanjelwa:
XYZ bila kujiuliza. Lile sanamu likitokea tu na lile pua watu wanacheka kabla halijafungua mdomo. Na ni Kiswahili na Kiingereza cha mtaani, kila mtu anashika.

DadaTukuyu:
Chinga ndio tatizo lenyewe hilo, unacheka pua. Ukitoka nje umebaki na nini? Hao Wakenya nao wana mambo yao ya 2009, nusu ya hizo sura kijana wa Uyole hazijui. Mi nasema Yes Minister, na sio yote, kuna ile moja ya hospitali. Waziri anaambiwa kuna hospitali mpya kabisa ina wafanyakazi 500 na ushee, wa utawala na wasaidizi, na haina mgonjwa hata mmoja, anashtuka anamuita katibu, katibu wala hatikisiki, na msimamizi wa hospitali anamwambia ndio moja ya hospitali zinazoendeshwa vizuri kuliko zote, safi, mpaka inagombea tuzo ya usafi 😂 Sasa niambieni kama hiyo ni Uingereza au ni huku. Kuna kata moja sitaitaja, zahanati imejengwa kwa nguvu za wananchi, tumebeba mawe na mchanga kichwani, ikapigwa rangi, utepe ukakatwa, ngoma zikachezwa, leo ni mwaka wa pili ufunguo uko kwa mtu na mama mwenye uchungu anapakiwa bodaboda usiku kwenye utelezi. Ndani kuna vitanda vina nailoni bado.

Chinga_Mwanjelwa:
Dada hapo umegonga. Ila kile Kiingereza cha yule katibu mkuu, mi nimemaliza form six na bado nimeona nyota. Sentensi inaanza leo inaisha kesho.

Kibanda_Uyole:
Ndo maana nimekwama. Madijei wetu wa kutafsiri hiyo hawajaigusa, haina ngumi wala bunduki, na utani wote uko kwenye maneno. Ukimtafsiria mtu anacheka wewe ushapita sentensi tatu mbele.

Kamwene_Kihesa:
Kamwene wakuu. Mi kura yangu kwa Chaplin na nitaeleza kwa nini maana naona mnaiona ya kizamani. Niliwawekea wapwa zangu hapa Kihesa, wa darasa la tano na la pili, hawajui Hitler ni nani, walianguka chini. Dikteta anapohutubia anabwata kijerumani cha uongo ambacho sio lugha yoyote, kwa hiyo hakuna cha kutafsiri, Mjerumani na Mhehe wote mnaelewa sawasawa yaani hamuelewi kitu, mnamuona tu mtu anafoka mpaka maikrofoni inapinda. Halafu kuna pale anachezea dunia, ni puto lina ramani, analirusha kwa kisigino, analipiga kwa makalio, anajisikia kweli kweli, likampasukia usoni akaanza kulia kama mtoto. Na kuna ya viti vya kinyozi, yeye na mwenzake anayemuigiza Mussolini wamekaa kila mmoja anapandisha kiti chake awe juu ya mwenzie. Nani hajaona hiyo kwenye meza kuu ya sherehe?

Ujanja mwingine ni kwamba Chaplin huyo huyo ndo anaigiza na kinyozi Myahudi anayeonewa. Sura moja. Mwenye nguvu ukimvua magwanda ni kinyozi tu.

Ila niseme ukweli, Chaplin mwenyewe alikuja kuandika 1964 kwamba angejua yaliyokuwa yanatendeka kwenye yale makambi asingeweza kuitengeneza.

Mzee_Makambako:
Vijana hii kitu sisi tulikuwa nayo kabla ya umeme. Msibani mtani anavaa koti la marehemu, anashika fimbo yake, anatembea kwa kuchechemea vile vile, anaanza kudai, "nilikukopesha debe la mahindi, mbona la kwangu bado uko nalo?" Wafiwa wanacheka na machozi yanatoka, na lile deni linajulikana mbele ya watu. Hakuna wa kumkamata maana ni mtani na kesho na yeye atafanyiwa.

Hizi za kwenye TV nyingi zimechukua kicheko zikaacha deni. Enzi za Ze Comedy pale EATV, na walipohamia TBC, nilikuwa sikosi, lakini nikijikagua nilichokuwa nakicheka sana ni lafudhi. Mlinzi, mshamba aliyeshuka basi leo. Mkubwa anapita zake salama.

Chinga_Mwanjelwa:
Mzee umenichoma na mimi. Ila DadaTukuyu, hiyo Yes Minister si ndo Thatcher, waziri mkuu wao, alikuwa anaipenda sana? 1984 mpaka aliigiza kipande na wale waigizaji. Kiongozi akiipenda hiyo tena ni dawa au ni pipi?

DadaTukuyu:
Aliipenda kwa sababu alidhani anasemwa katibu, sio yeye. Na makatibu nao walidhani anasemwa waziri. Kila mmoja anamuona jirani.

Njombe_Baridi:
Mkuu mwenye kibanda kabla ya yote cheki habari ya vibali, sheria ya filamu ni ya 1976 na Bodi ya Filamu ipo. Na 2019 kuna mchekeshaji aliweka picha amebadilishana sura na rais, akaishia polisi, kwa picha tu. Anza na hao wa mbali.

Kibanda_Uyole:
Mrejesho wakuu. Nimeanza na Chaplin jana. Watu 11, filamu yenyewe ina urefu wa saa mbili na kitu, nilidhani wataondoka, kaondoka mmoja na alikuwa anawahi zamu. Mwenyekiti wetu wa mtaa alipita akasikia kelele akaingia, akakaa benchi la mbele. Pale kwenye viti vya kinyozi alicheka mpaka akavua kofia akajifuta machozi. Ilipoisha nikauliza haya jamani tuzungumze, yeye ndo akawa wa kwanza kusimama, akasema hii filamu nzuri sana, inafundisha, tumtafute diwani aje aione.

Kiingilio hakulipa.