Waziri Mkuu atoke Barazani, rais abaki wa kukata utepe: Zanzibar tunautaka mfumo huu?

Assalaam aleikum wanabarza. Juzi usiku pale Jaws Corner, barza ya Mji Mkongwe, kijana mmoja kazua jambo, ati tuache kumchagua rais moja kwa moja, tuchague wawakilishi tu, wenye viti vingi watoe Waziri Mkuu aunde serikali kama Uingereza. Wazee wakamrukia. Mie niko na kijana. Kule serikali inaishi kwa pumzi ya bunge, Waziri Mkuu wao Callaghan mwaka 1979 kaanguka kwenye kura ya imani kwa kura moja tu, 311 kwa 310, ikabidi warudi kwa wapiga kura. Hapa kwetu mawaziri lazma wawe wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, wanakaa mule, wanaulizwa, wanajibu "mchakato unaendelea", na tangu Waziri Kiongozi aondoshwe 2010 Makamu wa Pili ndo anaongoza shughuli za serikali mule ndani, lakini bosi wao wote kachaguliwa na wananchi yuko Ikulu, hang'oki kwa wingi wa kawaida wa Baraza. Sura ya kibunge tunayo, meno hatuna.

Sasa mzee mmoja hakubishana, kavuta ubao wa bao akahesabu kete 31, kila kete kiti kimoja cha bunge la wakati ule. Kumi na tatu upande huu, chama cha ASP. Kumi na mbili kule, chama cha ZNP. Halafu zile sita za chama cha tatu, ZPPP, akazisukuma kwa kidole kimoja polepole zikaungana na zile 12. "Julai 1963. Hawa ASP walipata asilimia 54 ya kura, wakakaa nje. Mwenye sita ndo katoa Waziri Mkuu, Sheikh Mohamed Shamte. Sultani juu, kazi yake kutia saini. Umeona?" Uhuru Disemba 10, Januari 12 mapinduzi, hilo halitaki kusimuliwa.

Barza kimya. Lakini mie bado nasema hiyo ni kasoro ya majimbo, kura zilirundikana sehemu moja, kura ya imani haina kosa hapo. Semeni.

Yakhe wa Wete: Kwani majimbo ya leo kayakata malaika? Halafu 2022 kule Uingereza Waziri Mkuu Truss kakaa siku 49 akaondoka, akaja Sunak, nani alompigia kura? Wabunge wa chama chake wamekaa wenyewe wakamalizana. Mie nkipanga foleni toka alfajiri nataka jina la mkubwa niliweke alama mwenyewe.

Mleta mada: Yakhe, hapo kwa Sunak umenibana kweli. Ila siku 49 ndo nnachokitaka, kakorofisha hesabu za nchi akatolewa na watu wake mwenyewe bila kungoja miaka mitano. Sie tukikosea tunasubiri.

Yakhe wa Wete: Watu wake mwenyewe ndo wamtoe? Chama gani hapa kwetu hicho, nitajie.