Pembetatu ikigeuzwa watoto wanaikataa, naomba ushauri

Habarini walimu wenzangu na wazazi. Nafundisha awali, watoto wa miaka 5, na maumbo tunajifunza kwa kushika vitu, vizibo vya soda, maboksi ya dawa ya meno, vijiti, udongo wa mfinyanzi. Duara wamelidaka fasta. Shida pembetatu, ikikaa kitako wote wanaitaja kwa sauti, ukiigeuza tu ncha ikaangalia chini wanasema hiyo siyo, na mraba ukiusimamisha kwa pembe eti ni tiara. Nimewahesabisha pembe kwa kidole, wameunda kwa vijiti, nimewafunga kitambaa wapapase, hapo wanapatia kabisa, kitambaa kikitoka wanarudi kule kule.

Mnatumia mchezo gani mtoto aone umbo ni lile lile hata likigeuzwa? Na mraba na mstatili mnafundisha pamoja au kimoja kwanza?