Tupeane uzoefu: kushusha boti ya uvuvi majini na kuipakia kwenye tela ukiwa peke yako

Omo Mbele (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaofanya kazi hii bila msaidizi. Tuzungumzie boti za mita 4 hadi 6, injini ya nje, tela la ekseli moja. Weka mbinu, vipimo, na nini huharibika na kwa nini. Masimulizi ya "kuna siku mimi" yana uzi wake.

Naanza na maandalizi, kwa sababu boti ya mtu mmoja huharibikiwa ikiwa bado iko juu, kabla haijagusa maji. Egesha mbali na mteremko wa zege wa kushushia boti, pale usipomzuia mtu. Kizibo cha ngama (chini ndani ya boti, maji yanapokusanyika) ndicho cha kwanza. Ukikifungua baada ya safari, kitundike kwenye ufunguo wa gari. Safari ijayo hutaondoka bila kukishika mkononi. Ingiza nyavu, barafu na mafuta sasa hivi, si ukiwa chini. Toa mikanda inayofunga tezi (nyuma ya boti) kwenye tela. Mkanda wa winchi (roda ya mpini ya kuvutia boti, mbele ya tela) na mnyororo wa omo (mbele ya boti) usiviguse: tela la vigurudumu likiinama kwenye zege, boti isiyofungwa huteleza kabla ya kufika majini na kuangukia mkuku wake (uti wa chini wa boti).

Kamba ya omo iwe na urefu wa boti mara mbili, yaani mita 10 kwa boti ya mita 5, na unene wa milimita 10 hadi 12. Ncha moja kwenye pete ya omo, ya pili kwenye nguzo ya winchi. Ining'inize kwa mizunguko ili ifunguke bila fundo. Dafrao (mito ya kukinga ubavu wa boti) mbili upande wa gati. Halafu chomoa waya wa taa za tela; balbu iliyowaka ikizamishwa kwenye maji baridi hupasuka.

Beringi Kavu

Ongeza hapo mkuu: kama umevuta tela mwendo mrefu, subiri habu (vitovu vya magurudumu) zipoe mpaka uweze kuziwekea kiganja. Habu ya moto ikizama, hewa ya ndani husinyaa ghafla na kufyonza maji kupitia sili. Grisi huwa kama maziwa, beringi hushika kutu, na gurudumu hukwama ukiwa barabarani, si pale kwenye mteremko.

Kioo cha Kushoto

Kurudi nyuma ndiko kunakotisha wengi. Shika usukani kwa chini, pale saa inapoonyesha 6. Unapotaka nyuma ya tela iende kushoto, peleka mkono kushoto. Kulia, vivyo hivyo. Geuza kidogo na usubiri, maana tela fupi hujibu haraka kuliko refu. Likishapinda kupita kiasi usipigane nalo: songa mbele mita 5, linyooke, uanze upya.

Tela tupu halionekani kwenye vioo. Funga nguzo mbili za bomba la plastiki kwenye pembe za nyuma, ziwe na urefu wa kuonekana juu ya buti la gari. Baadaye nguzo hizo hizo zitakuongozea boti wakati wa kupakia.

Fungua madirisha, fungua mkanda wa kiti. Gari likiteleza na kuingia majini, hutapata muda wa kufanya hivyo.

Kabari

Mteremko una mstari wa ukoga wa kijani. Tela lipite, magurudumu ya gari yasipite. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele huathirika zaidi, kwa kuwa uzito wa boti hulalia nyuma na kuyapunguzia ya mbele nguvu ya kushika. Na breki ya mkono kwenye magari mengi hushika magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yako karibu na maji.

Utaratibu wangu: breki ya mguu, breki ya mkono, kisha gia. Kwa otomatiki usitangulize gia ya kuegesha, kwani mzigo wote utakaa juu ya jino dogo ndani ya gia badala ya breki. Kwa gia za mkono, zima injini ukiiacha kwenye gia ya kwanza. Halafu weka kabari mbili nyuma ya magurudumu ya nyuma, zifungwe kamba kwenye tela. Ukiondoka zinaburutwa zenyewe, hurudi chini kuziokota.

Omo Mbele

Kushusha kwenyewe. Injini ya boti iwe imeinuliwa wakati wa kurudi nyuma. Rudi hadi tezi ianze kuelea, omo bado ikikaa kwenye tela. Simama hapo. Panda, shusha injini, iwashe na uhakikishe tundu la kupoozea linatema maji. Kama haiwaki, bado umefungwa winchi. Unavuta na kuondoka. Wanaofungua kwanza halafu wakajaribu injini ndio wanaoelea hadi kwenye nyavu za wenzao. Ikishawaka vizuri, izime.

Sasa toa mnyororo, legeza winchi kwa kushika mpini (usiuachie uzunguke wenyewe, utakuvunja mkono), fungua mkanda. Sukuma, au rudi nyuma nusu mita na ukanyage breki taratibu: boti inateleza, kamba inabaki kwenye nguzo. Endesha gari mbele polepole, kamba inaivuta boti hadi kwenye kina cha magoti. Teremka, hamishia kamba kwenye gati, peleka gari kuegesha.

Swali Moja

Na pasipo na gati?

Maji Kupwa

Nanga ndogo ya kilo 3 hadi 5, iwe tayari imefungwa kwenye omo kabla ya kushuka. Boti ikielea, itembeze kwa kamba hadi pembeni ya zege, chimbia nanga mchangani juu ya mstari wa maji. Angalia maji yanakwenda wapi. Yakiwa yanakupwa na umechelewa dakika 20 kutafuta pa kuegesha, utaikuta boti imekaa kwenye mchanga, na kilo 400 mtu mmoja hazisukumi. Wakati wa bamvua (siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga) ni mbaya zaidi, maana maji hutoka mbali na kwa kasi. Tena ncha ya zege huweza kubaki wazi, na gurudumu la tela likidondoka nje ya ukingo wake, ekseli hukwama.

Mkanda wa Winchi

Kupakia ndiko kwenye ufundi, na kosa kuu ni kuzamisha tela kupita kiasi. Watu hudhani kina kikubwa hurahisisha. Tela likizama lote, boti inaelea juu yake bila kushikwa na chochote, inasogea na upepo, na ukivuta inakaa upande. Kwa tela la mbao zenye zulia, zamisha lote mara moja ili zulia lilowe, kisha vuta mbele hadi theluthi ya mbele ya mbao itoke majini na madigadi yawe sawa na uso wa maji. Kwa tela la vigurudumu, kina kidogo zaidi: maji yakifika kwenye ekseli yanatosha mara nyingi.

Upepo wa ubavuni: simama upande unakotoka upepo, ukiwa na kamba mbili, ya omo na ya tezi. Ukiwa na ya omo tu, tezi itazunguka na boti italala kukingama tela. Ingiza omo kati ya nguzo, tembea nayo, ifunge mkanda ikiwa imebaki kama mita moja, kisha zungusha winchi mpaka pete ya omo iguse mpira wa kizuizi. Usisimame nyuma ya mkanda uliokaza, na mkanda uliochanika ukingoni hata sentimita moja ubadilishwe. Funga mnyororo kabla ya kuingia garini. Inua injini; propela ikibaki chini itasaga zege.

Gesi Tele

Mimi hupanda kwa injini. Gesi kidogo, boti inaingia yenyewe, sihitaji kulowa.

Maji Kupwa

Mkuu, gesi ya kuingilia kwenye tela ndiyo inayochimba shimo mwisho wa zege. Maji ya propela hufukua mchanga na kuurundika nyuma zaidi: anayekuja baada yako anadondosha gurudumu shimoni, na boti yenye mkuku mrefu inagonga kichuguu maji yakipungua. Ingia kwa mwendo wa mtu anayetembea, weka nyutro omo ikigusa mbao, zima. Mita ya mwisho ni ya winchi.

Magogo Matatu

Wasio na tela msiwasahau. Boti ya mita 4 ya kilo 120 mtu mmoja huisogeza kwa mipira mitatu mirefu iliyojazwa upepo. Mipira iwe laini, ibonyee kidogo. Ikijaa sana huzama mchangani kama gogo. Miwili chini ya boti, wa tatu mbele, wa nyuma ukitoka unauhamishia mbele. Kupanda ufukweni, funga takali (kamba iliyopitishwa kwenye roda) la roda mbili kwenye nanga iliyozikwa au mti. Utavuta kamba nyingi kwa nguvu ndogo.

Penye mawimbi, omo ielekee baharini, subiri kundi la mawimbi makubwa lipite, na usisimame kati ya boti na nchi kavu. Wimbi likiinyanyua, uzito wote unakuja kwako.

Beringi Kavu

Ukishatoka, usifungie mikanda juu ya zege. Sogea hadi tambarare. Hapo utaona pete ya omo imeachana na mpira sentimita chache kwa sababu boti imekaa upya. Kaza tena winchi. Toa kizibo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 100 ngamani ni kilo 100 zilizokimbilia tezi. Sanduku la samaki na barafu nalo likikaa nyuma, kichwa cha tela (pale linapoungana na gari) hupungukiwa uzito na tela huyumba barabarani. Kichwa kibebe takribani asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote. Samaki wasogezwe mbele ya ekseli. Kisha mikanda ya tezi, waya wa taa, na jioni hiyo hiyo maji baridi yasiyo na chumvi kwenye breki, springi na ngoma ya winchi.