Meli ya visiwa vya Ugiriki: tuanzie Piraeus au Italia, na vituo vipi vina maana?

Jahazi_la_Jioni

Wakuu, salaam. Tuko watu wanne, tunapanga siku 7 za meli ya kitalii mwishoni mwa Julai. Tunachotaka hasa ni mandhari, kasino na maduka ya melini hatuna haja nayo. Tumebaki na ratiba mbili:

A: Piraeus (bandari ya Athens) – Mykonos – Kuşadası (Uturuki) – Patmos (17:30–21:30) – Rhodes – Heraklion (07:00–12:00) na Santorini (16:30–21:30) siku hiyohiyo – Piraeus.

B: "Venice (Ravenna)" – siku baharini – Corfu – Santorini – Mykonos – siku baharini – kurudi.

Bei zinakaribiana. Mama ana miaka 71, anatembea vizuri ila goti halipendi ngazi. Pasipoti zetu zinahitaji viza ya Schengen (viza moja ya kundi la nchi za Ulaya). Mngechagua ipi, na kwa nini?

Tezi_na_Omo

Anza na jina la bandari, maana hapo ndipo wengi wanapotegwa. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli zinazozidi tani 25,000 haziruhusiwi kupita mbele ya uwanja wa San Marco, katikati ya Venice. Ndiyo maana kampuni zinaandika "Venice" kwa herufi kubwa na Ravenna kwenye mabano. Ravenna iko karibu kilomita 140 kutoka Venice. Mkitua uwanja wa Venice kwa ndege ya mchana na meli inafunga milango saa 10 jioni, basi likikwama barabarani safari imekwisha kabla haijaanza.

Piraeus ni rahisi zaidi. Metro ya mstari wa 3 inatoka uwanja wa ndege wa Athens hadi Piraeus moja kwa moja, inachukua karibu saa nzima, na basi la X96 linatembea saa 24. Angalizo: kituo cha metro kiko upande wa feri. Majengo ya meli za kitalii yako mbali na hapo, zaidi ya kilomita moja, na kwenye jua la Julai na masanduku umbali huo ni wa teksi. Someni tiketi pia, kwani baadhi ya meli za "Athens" huondokea Lavrio, bandari nyingine. Si mbaya, iko karibu na uwanja wa ndege kuliko Piraeus, lakini metro haifiki.

Yoyote mtakayochagua, fikeni siku moja kabla.

Bi_Tufani

Mimi nitazungumzia saa, si visiwa. 16:30–21:30 Santorini inasomeka kama saa 5. Hesabu yake halisi ni hii.

Maji ya kaldera (shimo la volkano lililojaa bahari, ambamo meli husimama) ni marefu mno, meli haifungi gati. Mnashushwa kwa mashua. Waliolipia matembezi ya meli hushushwa kwanza, hupelekwa bandari ya Athinios ambako mabasi yanangoja. Wengine wanasubiri, kisha wanapelekwa bandari ya zamani chini ya Fira, mji mkuu wa kisiwa. Kutoka hapo mji uko mita 220 juu, na njia ni tatu: vigari vya waya, punda, au ngazi karibu 600. Vigari ni 6 kwa mkupuo, watu 6 kila kimoja, yaani 36. Meli moja ya abiria 3,000 ni zaidi ya mikupuo 80, na siku hiyo hamtakuwa meli peke yenu. Toa saa ya kusubiri mashua, toa foleni ya kupanda, toa foleni ya kushuka (hii ndiyo mbaya, kila mtu anashuka baada ya jua kuzama), toa nusu saa ya kuwahi melini. Mnabaki na saa mbili.

Ngazi msizifikirie. Punda wanapita humohumo, mawe yana utelezi wa kinyesi. Kwa goti la mama, nunueni matembezi ya meli angalau Santorini: mnapanda kwa basi, mnabaki na foleni moja tu ya vigari kushuka.

Hata hivyo, uzuri wa Santorini mwingi unauonea sitahani. Meli ikiingia kutokea kaskazini, Fira na kijiji cha Oia viko kushoto. Muwe juu mapema.

Tezi_na_Omo

Naongezea: Julai na Agosti ndio msimu wa meltemi, upepo wa kaskazini unaopiga bahari ya Aegean hata mbingu ikiwa nyeupe haina wingu. Ukizidi, mashua hazishushwi, nahodha anaruka kituo. Kwa hiyo kila ratiba igaweni mafungu mawili, vituo vya gati na vituo vya mashua. Kwenye A, Rhodes, Heraklion na Kuşadası ni gati. Santorini na Patmos ni mashua, Mykonos inategemea nafasi iliyopo gatini Tourlos. Kwenye B gati la uhakika ni Corfu tu. Upepo ukiharibika, B inabaki na kisiwa kimoja na bahari nyingi.

Kituo kikirukwa, matembezi yaliyonunuliwa melini hurudishiwa fedha. Ya wakala wa nje, someni masharti kabla ya kulipa.

Mkiweza kusogeza hadi katikati ya Septemba, sogezeni.

Karani_wa_Gati

Viza: Uturuki haimo Schengen. Ratiba A inawatoa na kuwarudisha, kwa hiyo ombeni viza ya kuingia mara nyingi, si mara moja. Ombi linapelekwa ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, yaani Ugiriki. Ya Uturuki iulizeni kwa kampuni ya meli, na jibu liwe la maandishi.

Ushuru wa kushuka: Ugiriki inatoza tangu Julai 2025. Juni hadi Septemba ni euro 20 kwa mtu Mykonos na Santorini, euro 5 bandari nyingine. Kwa A ni euro 55 kila mtu bila kuhesabu Piraeus. Ulizeni kama imo kwenye bei.

Mama: kutoka Kuşadası, magofu ya Efeso yako kama kilomita 20. Mwambieni dereva awashushe lango la juu awasubiri la chini, mnateremka njia nzima. Viatu visiteleze, ile marumaru imesuguliwa na nyayo za karne nyingi. Rhodes mji wa kale uko jirani na gati, ila njia zake ni za kokoto zilizosimamishwa, fimbo ichukuliwe. Lindos iacheni, ni kilomita 50 na ngome yake ni ngazi tupu.

Jahazi_la_Jioni

Tunakwenda na A, na Septemba tunaiulizia bei. Patmos je, saa 4 za jioni zinatosha?

Bi_Tufani

Kwa kupanda hadi monasteri iliyo juu ya kilima, hapana. Kaeni Skala, mji wa bandarini pale chini, mle samaki, mrudi na mashua ya kabla ya ile ya mwisho.