Paka anayetafuna kanga hana jini! Acheni kumpiga, na uzi ukimtoka nyuma acheni kuuvuta

PakaShume:

Assalaam alaykum wanajamvi.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kila ukifungua jukwaa hili unakuta swali la paka: anakula nailoni, anaguguna mkeka, analamba ukuta, anatafuna kanga mpaka inatoboka. Majibu nayo ni yale yale. Mpake pilipili. Mtandike. Mtie kwenye kiroba ukamwage sokoni Darajani akale utumbo wa samaki na wenzake. Mfukizie ubani, huyo kaingiwa. Juzi kuna aliyeshauri nusu ya panadol, na watu wakamshukuru!

Nusu ya kidonge cha panadol inatosha kumuua paka. Ini lake haliwezi kuivunja dawa ile kama linavyofanya ini la mtu. Damu inageuka kahawia na kushindwa kubeba hewa, fizi zinaingia ukijivu, uso unavimba, na hapo muda wa kumuokoa ni mdogo sana. Aliyeandika ushauri ule aufute leo.

Paka anayekula kisicholiwa ana sababu, na mara nyingi sababu yenyewe imo kwenye sahani mnayompa au kwenye manyoya yake. Ataonekana mtundu tu kwa asiyemkagua.

Nianze na wale wa kulamba chokaa ya ukutani, kula udongo, au kula mchanga wa kwenye kisanduku chao cha choo. Hao huenda wamepungukiwa damu. Kumpima si kazi. Mpeleke kwenye mwanga wa jua, mnyanyue mdomo wa juu, tazama ufizi. Unatakiwa uwe wa waridi. Ubonyeze kwa kidole, utaacha alama nyeupe. Ukiachia, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ukiukuta mweupe tangu hujaubonyeza, achana na habari za ukuta, huyo mgonjwa. (Paka wa rangi ya machungwa huwa na madoa meusi kwenye fizi na midomo. Hayo si ugonjwa, tazama baina ya madoa.)

Damu inakwenda wapi? Kwanza viroboto. Chukua kitana chenye meno ya karibu karibu, mchane mgongoni karibu na mkia, kisha kung'uta uchafu juu ya karatasi nyeupe ya chooni iliyolowa maji. Vijidoa vyeusi vikitoa wekundu ukiyeyuka kwenye karatasi, ile ni damu yake mwenyewe iliyokwisha pita tumboni mwa kiroboto. Mtoto wa paka anaweza kufa kwa viroboto peke yao. Pili ni minyoo, hasa ile ya safura inayong'ang'ania ukuta wa utumbo na kunyonya damu.

Na tatu, hapa ndipo ninapokasirika zaidi: mchuzi! Mnamwagia mabaki ya mchuzi uliojaa vitunguu maji na thomu (vitunguu saumu), kila siku, halafu mnashangaa. Vitunguu na thomu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi, vimepikwa, au vya unga. Hatoanguka siku ile ile. Athari huonekana baada ya siku kadhaa, ndiyo maana hakuna anayeihusisha na chungu.

Kwenye viroboto, msimkoshe kwa mafuta ya taa. Anajilamba, yanaingia mdomoni na mapafuni. Wala msimpake dawa ya mbwa yenye permethrin (sumu ya kuulia wadudu), maana inamtia mtetemeko na degedege mpaka afe. Kipaka kidogo kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, ukianza kwa kuzungushia povu shingoni ili viroboto visikimbilie kichwani, kisha kikaushe hapo hapo. Matandiko yake yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, na pembe za nyumba zifagiliwe, kwa sababu mayai na viluwiluwi vya kiroboto viko sakafuni, haviko mwilini mwa paka. Na msimame na dawa ya minyoo: mtoto aanze akiwa na wiki mbili hadi tatu, arudie kila baada ya wiki mbili mpaka afike wiki nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita, mkubwa kila miezi mitatu. Dozi kwa uzito wake. Kidonge cha mbuzi hakikatwi kwa kukisia.

Sasa wa kanga, soksi na mablanketi. Mtazameni anavyofanya. Hatumii meno ya mbele. Anaingiza kitambaa pembeni mwa mdomo, kwenye meno ya nyuma, anainamisha kichwa upande, macho nusu yamefumba, anakata kama mkasi. Ndiyo maana tundu linakuwa na ukingo wa mawimbi mawimbi, tofauti na tundu la panya. Wengine wananyonya tu huku wanakanda kwa miguu ya mbele, kama walivyokuwa wakikanda ziwa la mama. Tabia hii imo kwenye nasaba ya paka wa Siam na jamaa zake, lakini kwa paka wetu wa mitaani anayechangia sana ni yule aliyemwachisha ziwa mapema. Mnawaokota wana wa wiki nne, macho hayajakauka, mnagawana mtaa mzima! Waacheni na mama yao mpaka wiki nane kwa uchache, na kumi na mbili ndiyo bora.

Wa aina hii hatibiwi kwa kofi. Ukimpiga anatafuna akiwa amejificha, na hapo humuoni anapomeza. Mwondoshee vitambaa, mlishe mara tatu kwa siku badala ya mara moja, na mchezeshe dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Mpe na jani la kutafuna: loweka mpunga wa kawaida usiopakwa dawa usiku mmoja, umwagie kwenye kopo lenye udongo, na ukifika urefu wa kidole mwekee. Paka kula majani ni jambo la kawaida kabisa, msimkataze.

Chakula nacho. Wali na supu si chakula cha paka. Paka ni mla nyama, na kuna kitu kinaitwa taurini anachokihitaji na mwili wake hautengenezi cha kutosha. Kimo kwenye nyama, samaki, na moyo wa ng'ombe au kuku. Kwenye wali, muhogo na mkate hakimo. Tangu mwaka 1987 inajulikana kuwa upungufu wake hutanua moyo wa paka mpaka ukashindwa kusukuma damu, na macho nayo huharibika. Paka wa kilo nne apate takriban gramu 150 hadi 200 za samaki au nyama iliyopikwa kwa siku. Usimwage maji uliyochemshia, maana taurini huhamia humo. Mpe pamoja, bila chumvi wala viungo. Dagaa wetu wengi wanachemshwa na chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke na umwage maji ya kwanza. Dagaa wabichi kila siku hapana: baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka akipungukiwa nayo shingo inampinda chini, anayumba, anaingia degedege. Kupika kunakiua. Maini kidogo mara moja kwa wiki, basi. Maziwa ya ng'ombe mwacheni nayo, wakubwa wengi yanawaharisha.

Nafika kwenye uzi. Jamani!

Visiwani kwetu Zanzibar nyumba nyingi zina sindano na uzi wa kushonea kofia, mshipi wa kuvulia, ukili wa mkeka. Vyote virefu, vyembamba, havikatiki. Ulimi wa paka una vijimiba vilivyoelekea kooni. Uzi ukishanasa pale hawezi kuutema hata akitaka, unaweza kwenda ndani tu, na sindano ikiwa nchani inaufuata. Mara nyingi ncha moja inanasa chini ya ulimi au kwenye mlango wa tumbo. Utumbo unaendelea kusukuma, uzi haukubali, kwa hiyo utumbo unajikunja na kujikusanya juu ya uzi kama suruali kwenye kamba ya kiunoni. Uzi unaanza kuukata kwa ndani.

Hapo ndipo anatokea mtu anaona kipande kinaning'inia nyuma, anakishika, anavuta. Anaupasua utumbo kwa mkono wake. Uchafu unamwagika tumboni, na paka anakufa kwa maumivu ambayo sitaki kuyaeleza hapa.

Ukiuona uzi nyuma: usivute. Kipande kinachoburura chini kikate, ukiacha urefu wa vidole viwili uonekane. Ukiuona mdomoni, uache kama ulivyo mpaka kwa daktari wa mifugo, na mwambie atazame chini ya ulimi. Usimpe chakula. Usimmiminie mafuta ya nazi mdomoni, yanaingia mapafuni. Usimtapishe kwa maji ya chumvi, chumvi yenyewe ni sumu kwake. Kutapika mara kwa mara, kukataa chakula na kujikunyata huku akikataa kuguswa tumbo ni dalili ya kwenda siku ile ile. Mara nyingi dawa yake ni kupasuliwa, na kila siku mnayongoja inapunguza nafasi yake.

Na kofia ikiwekwa chini, sindano na uzi viingie kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko. Kuvichomeka kwenye mto hakutoshi.

Sote tunaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, alimfungia asimlishe wala asimwache ajitafutie. Tunaisimulia kwa watoto wetu madrasa. Basi tuifanyie kazi majumbani.

Mkunazini_Fundi:

Kaka umesema kweli tupu. Niongeze la waya za chaja, maana humu mtu kashauri kuzipaka shubiri na wengine pilipili. Shubiri inamharisha paka na kumtapisha, na pilipili anaipeleka machoni kwa mkono wake. Kata kipande cha mpira wa maji, upasue kwa urefu, uvike waya ndani. Kinachobaki, chomoa ukutani usipokitumia. Kipaka cha miezi mitatu hadi sita kinabadilisha meno, 26 ya utoto yanatoka na 30 ya ukubwa yanaota, kitaguguna tu. Mpe kitambaa kinene kilicholowa na kukaa kwenye friji, umsimamie akiwa nacho.

Akipigwa na umeme, zima swichi kabla hujamgusa. Hata akiinuka na kutembea msidhani yamekwisha: mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Pumzi ikienda mbio au akihema mdomo wazi, mkimbizeni.

BintiWete:

Mimi hasira zangu ni kwenye haya ya majini. Paka akinusa kitu, akaachama mdomo na kukunja pua kama ameshtuka, watu wanakimbilia kumsomea dua. Juu ya kaakaa, nyuma ya meno ya mbele, ana vijitundu vya kunusia vya ziada, anavuta harufu humo. Hasa harufu ya mkojo wa paka mwenzake. Akikodolea ukuta mtupu, anasikia sauti nyembamba ambazo sikio la mtu halizifikii, kama za panya ndani ya ukuta au dari. Kukimbia ovyo magharibi na alfajiri ndiyo saa zake za kuwinda.

Kuna moja tu la kuogopa, nalo wengi hawalijui: paka anayeegemeza paji la uso ukutani au kwenye kona na kulikandamiza, hatoki. Huyo ubongo una shida, au ini, au kala sumu. Apelekwe haraka.

PakaShume:

Ahsante dada BintiWete, hilo la kukandamiza kichwa nililisahau. Na mnaokaa karibu na Forodhani: vijiti vya mishkaki visitupwe chini. Paka anaguguna kwa ajili ya mafuta, kipande kinakatika na kukwama juu ya kaakaa baina ya meno. Anatokwa na mate, anajikuna mdomo. Watu wanapiga kelele kuwa ana kichaa cha mbwa, wanamuua kwa mawe! Lakini pia mate mengi yanaweza kuwa kichaa kweli, kwa hiyo asiyemjua paka huyo asitie mkono. Mfunikieni kwa tenga, muiteni daktari wa mifugo. Aliyekwisha ng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika kumi na tano, aende hospitali siku ile ile.

Makoongwe_Chake:

Wa kwangu analamba chokaa, fizi nimezitazama sasa hivi, nyeupe kama karatasi. Mchuzi anakula kila siku. Daktari mpaka kesho asubuhi. Usiku huu nifanyeje?

PakaShume:

Mchuzi basi, kuanzia sasa. Mpe samaki wa kuchemsha au kuku mtupu, kidogo kidogo, na maji karibu yake. Usimuoshe leo hata kama ana viroboto. Mchane tu, na unavyovitoa vizamishe kwenye maji ya sabuni. Mweke pahala pamoja penye joto, asipande wala asikimbizwe na watoto. Usimpe vidonge vya damu vya watu wala dawa ya minyoo kwa kukisia. Hesabu pumzi zake akiwa amelala, dakika nzima: zikizidi 40, au akihema mdomo wazi, usingoje asubuhi, mpigie simu daktari huyo huyo usiku huu. Kesho chukua kipande cha choo chake kwenye kikopo safi ili kipimwe minyoo, na umwambie daktari habari ya vitunguu kabla hajauliza.