Nilimpa kadi ya babu aniuzie mtandaoni, akaipiga laminesheni

Wadau, naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie nikizunguka kidogo. Swali langu liko mwisho, lakini bila kisa chenyewe hamtaelewa kwa nini mtu mzima amelia ndani ya matatu kwa sababu ya kikaratasi cha inchi mbili na nusu kwa tatu na nusu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa vijana waliokwenda kusoma Marekani miaka ile ya ndege za Tom Mboya. Yeye aliangukia Pittsburgh. Uwanja wa besiboli wa wakati huo, Forbes Field, ulikuwa pua na mdomo na chuo kikuu, na babu ambaye hakuwa ameuona mchezo huo hata kwa picha akawa shabiki wa Pirates, timu ya mji huo, mpaka siku ya kufa. Mwaka wa 1964 alisubiri nje baada ya mechi, akapata sahihi ya Roberto Clemente juu ya kadi ya mwaka huohuo ya Topps, kampuni inayochapisha kadi zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya. Picha yake akiwa nje ya uwanja tunayo, koti limemzidi mabega. Kadi aliitia ndani ya Biblia yake ya Kimeru, kwenye kitabu cha Ayubu, na humo ilikaa hadi tulipomzika mwaka juzi. Haikuona jua, haikushikwashikwa na watoto. Kona zote nne zilikuwa kali kama za noti mpya.

Kwa wasiomjua, Clemente alikuwa Mpuertoriko aliyecheza upande wa kulia wa uwanja akiwa na jezi namba 21. Alifikisha hiti 3,000 kamili, yaani mipigo iliyomfikisha salama kwenye besi, Septemba 1972. Tarehe 31 Desemba mwaka huo alipanda ndege iliyobeba misaada ya waathiriwa wa tetemeko la ardhi la Managua, ikaanguka baharini. Alikuwa na miaka 38. Ndiyo sababu sahihi yake inatafutwa: nyota wengi wa enzi yake walizeeka wakilipwa kutia sahihi kwenye maonyesho, yeye hakufika huko. Halafu kuna kitu kwenye kadi hiyo nilichokuwa nakipenda kuliko bei. Topps wamechapisha "Bob Clemente", jina la kubandikwa ambalo mwenyewe hakulipenda. Juu ya picha, kwa kalamu ya buluu, ameandika "Roberto Clemente", herufi zimelala vizuri, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

Sasa bei. Binamu yangu alitafuta kwenye simu, akakuta kwamba kadi ya Mickey Mantle ya Topps ya 1952 iliuzwa dola milioni 12.6 mnamo Agosti 2022. Jioni hiyohiyo mjomba akaanza kuulizia ploti Kitengela. Ilinichukua wiki kadhaa kuwaelewesha kwamba ile ilikuwa kadi moja, ya mchezaji mwingine, iliyopewa alama 9.5 kati ya 10 kwa uzima wake, na kwamba bei anayoandika muuzaji si bei. Mtu anaweza kuandika milioni na kadi ikazeeka hapo. Kinachohesabika ni zile zilizolipiwa kweli, na masoko ya mtandaoni yana kichujio cha kukuonyesha hizo peke yake. Nilikesha na daftari nikiandika: ya mwaka gani, wino gani, sahihi imekaa usoni au imeangukia mahali peusi isipoonekana, na imehakikiwa na nani. Hilo la mwisho ndilo linalobeba bei. Sahihi ikipitishwa na kampuni inayotambulika, kama PSA, na kadi ikafungwa kwenye kasha lao, mnunuzi anatulia. Ikiwa mbichi, yaani haijahakikiwa, anakata bei kwa woga, na siwezi kumlaumu. FBI waliwahi kuvunja genge zima la sahihi bandia za wanamichezo, operesheni waliyoiita Bullpen, na waliouziwa takataka hizo walikuwa watu wanaojua mchezo kuliko mimi.

Kuituma kwa PSA huko California ikahakikiwe kulitaka ada, msafirishaji wa kuaminika na bima ya kwenda na kurudi. Sikuwa na pesa hizo. Lakini nilikuwa nimempata mkusanyaji mmoja, mzee wa hukohuko Pittsburgh, akaniandikia kwamba kwa picha zangu pamoja na ile picha ya babu angetoa dola 1,800 bila kasha. Ni kama laki mbili na thelathini elfu. Mimi nikataka 2,500. Hapo tamaa ilinishika, nakubali, msinisumbue nayo kwenye majibu.

Ndipo nikaelekezwa kwa jamaa mmoja wa katikati ya mji, kibanda cha vioo ndani ya jengo la maduka, ghorofa ya tatu. Anauza vitu vya watu ng'ambo: saa za zamani, sahani za santuri, stempu. Akaunti yake ina miaka na sifa nzuri, na mimi akaunti yangu ilikuwa ya jana. Muuzaji mpya kutoka Nairobi mwenye kitu cha laki mbili, nani atamwamini? Tukaandikiana asilimia 15. Nilimwachia kadi katikati ya vipande viwili vya kadibodi, nikamwambia mara tatu asiiguse uso, asiipanguse, asiitoe isipokuwa kwa kupiga picha. Akasema, "Madam, hii ni kazi yangu."

Wiki ya kwanza nikaona tangazo lake. Bei: dola 50,000. Jina la bidhaa: Bob Clemente, gwiji wa kriketi. Kriketi! Picha imepigwa juu ya kaunta, mwanga wa taa umetua pale pale kwenye sahihi hata huoni kama kuna wino. Nikampigia, akaniambia anatega ndoano juu kwanza. Wiki ya pili, bila kuniuliza, akashusha hadi dola 300 "ili itembee". Wenye kuuza vitu mnajua maana yake. Mnunuzi anayeona kitu kimeanguka kutoka elfu hamsini hadi mia tatu ndani ya siku tisa anajua mambo mawili tu: ama ni bandia, ama ni ya wizi. Yule mzee wa Pittsburgh aliyaona matangazo yote mawili, akaniuliza kwa upole kama nina hakika kadi bado iko mikononi mwa familia.

Nikaenda kuichukua. Ilikuwa Jumanne, mvua inanyesha. Jamaa akavuta droo, akanitolea kitu kinachong'aa kama kitambulisho cha shule.

Jamani. Alikuwa ameipeleka saiba ya chini wakaipitisha kwenye mashine. Plastiki ya moto, mbele na nyuma. Kuna kiputo cha hewa kimekaa juu ya herufi "R" ya Roberto, na wino umeanza kuvuja pembeni kwa rangi ya zambarau. Aliyepunguza plastiki kwa mkasi alipitiliza, akakata kona ya chini kushoto ya kadi yenyewe. Nilishindwa kusema. Yeye akaona nimenyamaza akadhani nimefurahi.

"Nimekusaidia, madam. Ile ilikuwa karatasi tu, ingelowa. Hata hati ya shamba ya babangu nimeipiga laminesheni."

Kisha akanipa risiti. Laminesheni, shilingi 50, nizilipe mimi.

Kwa asiyejua uzito wake: kadi iliyokatwa au kubadilishwa haipewi alama ya namba na wapimaji hao. Ikibahatika sana itaandikwa kwamba ni halisi lakini imebadilishwa, na bei inafuata neno hilo la pili. Gundi ya joto imeshaingia kwenye nyuzi za karatasi. Kwa hivyo msiniambie kuhusu friza wala pasi, nimeshasoma yote. Ukivuta plastiki, sahihi inakuja nayo. Nilimtumia mzee picha kwa sababu sikutaka kumdanganya. Alijibu baada ya siku mbili: pole nyingi, na kama bado nauza, dola 150, kwa heshima ya babu.

Jamaa sasa anasema hadaiwi kitu. Hoja yake ni kwamba kadi haikuwa imehakikiwa, kwa hivyo haikuwa na thamani ya kujulikana, na huwezi kumdai mtu hasara ya kitu kisicho na bei. Huyu huyu aliyeiandika elfu hamsini! Tena ana uso wa kuniambia nikimuuzia yule mzee kwa 150, asilimia 15 yake iko palepale kwa sababu mkataba haujaisha.

Ninachouliza ni hiki. Nataka kwenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Najua kikomo ni shilingi milioni moja, najua si lazima niwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nisichojua ni hakimu atakubali nini kama ushahidi wa thamani. Nina barua pepe ya 1,800 yenye tarehe. Nina picha za kadi ikiwa nzima, mbele na nyuma. Nina matangazo yake yote mawili niliyoyahifadhi kwenye simu kabla hajayafuta. Kuna mtu hapa amewahi kudai kitu cha aina hii, stempu, mchoro, hata santuri? Mlithibitishaje bei?

Risiti pia ninayo, ina muhuri, tarehe na saini yake. Sijailipa.