Mjadala: Mtumiaji wa dawa za kulevya apimiwe alichonunua kabla hajakitumia? Nyanda za Juu Kusini tunasemaje?

Mleta mada (Mwanjelwa, Mbeya):
Wadau, habari za wakati huu. Najua wengi mtanirukia, lakini naileta. Nataka mtu anayetumia unga, yaani heroini, na hata kijana anayemeza vidonge vya starehe wikiendi, awe na mahali pa kupeleka alichonunua kikapimwa, aambiwe ndani kuna nini, na asikamatwe.

Uholanzi wanafanya hivyo tangu 1992. Desemba 2014 walikuta vidonge vya pinki vyenye nembo ya Superman vina PMMA. Hiyo ni sumu inayochelewa kupanda, kwa hiyo mtu anadhani kidonge hakijafanya kazi, anaongeza kingine. Wakatangaza hatari nchi nzima. Uingereza vidonge vya aina hiyo vikahusishwa na vifo vya watu wanne kuelekea na kuingia mwaka 2015.

Hapa kwetu kete inafungwa na mtu ambaye naye hajui alichouziwa. Leo imechanganywa mpaka haina nguvu, kesho ni kali, na kiasi kilekile alichozoea mtu ndicho kinachomzimisha. Anayetoka gereza la Ruanda hapa Mbeya ndiye yuko hatarini zaidi, maana mwili umeshasahau dawa lakini yeye anakumbuka kipimo chake cha zamani. Tunawazika halafu tunanong'ona kwamba ni malaria.

Mama wa Uyole:
Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi nina mtoto anayekunywa methadoni, dawa ya hospitali ya kumwachisha mtu unga, pale Hospitali ya Rufaa Mbeya. Kabla ya hapo arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikimshika alikuwa anatokwa kamasi na machozi, anaharisha, amejikunja sakafuni. Aliniuzia mtungi wa gesi mchana kweupe. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asubiri majibu ya maabara, atasubiri? Na akiambiwa ni safi, si umemruhusu?
Hiyo hela iende kwenye methadoni. Dozi ni ya kwenda kunywea kliniki kila siku. Wa Tukuyu nauli anaitoa wapi?

Dereva wa malori (Iringa):
Mnazunguka. Sheria ya 2015 inasema kukutwa nazo ni kosa, na mpimaji akishika kete naye amekutwa nayo. Difenda itapaki mlangoni siku ya kwanza.

Mleta mada:
Shikamoo mama. Pole sana kwa uliyopitia. La nauli sina ubishi nalo, na ikibidi kuchagua kimoja mwaka huu, nachagua methadoni ifike Tukuyu na Tunduma.
La arosto pia ni kweli, hatasubiri. Ndiyo maana kuna vijikaratasi: unakoroga chembe kwenye maji, unachovya, baada ya dakika chache unajua kama kuna fentanili, dawa ya maumivu kali kuliko heroini ambayo chembe kidogo tu inaua. Haviwezi kukuambia ni kiasi gani, na kama unga haukuchanganyika vizuri, chembe uliyochota inaweza kukosa sumu iliyobaki kwenye kete. Kwa hiyo mpimaji mwaminifu hasemi "safi". Anasema nimeona hiki, kinaua hivi, usitumie peke yako. Na hapo kijana ambaye hajawahi kukaa na nesi bila kutukanwa, amekaa. Methadoni anatajiwa palepale.

Kaka dereva, hapo kwenye sheria umenibana. New Zealand walikwama hivyohivyo, wapimaji wa kujitolea hawakuthubutu kugusa kitu, mwenye nacho alishika kila hatua. Mwishoni mwa 2020 Bunge lao likaruhusu kwa muda, 2021 likafanya kuwa ya kudumu. Kwetu nako ni mpaka Dodoma.
Lakini kuna hatua isiyosubiri Bunge. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali tayari inapima vielelezo vinavyokamatwa. Majibu yanakwenda mahakamani, kesi inaunguruma. Yakionyesha mchanganyiko wa ajabu, kwa nini siku hiyohiyo kliniki ya Rufaa na vituo vya afya vya barabara kuu, kuanzia Iringa hadi Tunduma, visipewe tahadhari?

Dereva wa malori (Iringa):
Hiyo ya tahadhari hata polisi hawawezi kuipinga. Ila ibandikwe na kwenye maegesho ya malori, sisi vituo vya afya hatuingii.

Mama wa Uyole:
Marahaba. Tahadhari naikubali, hata kesho ianze. Hilo la dirisha la kupimia watu bado sikubali, mpaka uniambie nani atakaa pale na atalipwa na nani.